Tezi ya Upande wa Kushoto

Nina miezi mitatu tangu nistaafu na nimekwisha kulihamisha kabati la vyombo mara nne. Mume wangu amesema nikiligusa tena atalala humo ndani ili lisisogee. Kwa hiyo nimeketi kuandika, ingawa kuketi ndiko kunakonishinda. Ninyi mliobaki maabara mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, na mmoja wenu, ninamjua, akaongeza kwamba niandike siri za mafanikio. Sina. Vyeo mtavikuta kwenye faili langu, na mishahara mnaijua kwa kuwa ndiyo hiyohiyo yenu. Nitaandika mengine, hasa jambo moja ambalo sijawahi kuliandika popote.

Siku ya kwanza niliripoti asubuhi, Sumbawanga ikiwa na baridi ile ya mwezi wa sita, nimevaa sweta juu ya sweta. Maabara ya mifugo ilikuwa vyumba viwili na beseni moja la maji ya kuteka. Ndani nilimkuta Mzee Anzelemi, mtaalamu wa hadubini, amevaa koti lililokuwa jeupe zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umewahi kumwona kupe?"

"Nimewahi."

"Mwenye njaa au aliyeshiba?"

Akanipa chupa mbili akanituma mnadani nimletee wote wawili. Nilirudi mchana nina kupe kumi na saba na vumbi mpaka masikioni, naye akanikaribisha kazini rasmi kwa kunipa kipande cha sabuni.

Hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo cha chini cha kunasa mwanga wa dirishani, kwa hiyo asubuhi tulifanya kazi dirisha la mashariki na mchana tukabeba meza nzima kwenda la magharibi. Mawingu yakitanda tulikunywa chai. Mzee Anzelemi alinifundisha kupaka damu kwenye kioo iwe nyembamba bila kukatika, kupika rangi, kuosha bila kumwaga nilichokitafuta. Alikuwa mkali wa vitu vidogo. Kubwa likiharibika alisema pole, lakini kizibo cha chupa kikiachwa wazi alinuna siku mbili.

Ndiye aliyenifundisha ndigana kali. Ng'ombe akiumwa na kupe mwenye ugonjwa huo, tezi ya chini ya sikio huvimba. Unaichoma sindano, unavuta tone la majimaji, unalipaka kwenye kioo na kumtafuta mdudu ndani ya chembe nyeupe za damu. "Kushoto," aliniambia. "Siku zote tezi ya kushoto. Leo ukichukua huku, kesho kule, utalinganisha nini na nini?" Nikakubali, maana ilikuwa na akili. Nilichukua kushoto miaka kumi na moja. Mzee alistaafu, akarudi kwao, mimi nikaendelea kuchukua kushoto hata mkono ukawa haunisubiri.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Ninyi mliikuta imekwisha kuzoeleka, sisi ilitukuta tumesimama. Dawa ya josho, iliyokuwa ikiletwa na serikali kwa pipa, ikaacha kuja, na wafugaji wakaambiwa wajinunulie. Majosho yakakauka. Lile la karibu na mji mbuzi walilifanya chumba cha kulala. Maduka ya dawa za mifugo yakachipuka mjini kando ya mitumba, na mtu aliyekuwa akiuza betri za redio mwezi wa tatu, mwezi wa tano alikuwa anauza dawa ya kuogesha ng'ombe. Nyingine zilikuwa dawa kweli. Nyingine tulizinusa pale maabara tukasikia harufu ya kisima. Ofisini nako kila wiki tuliambiwa kuna orodha ya kupunguzwa wafanyakazi inaandaliwa. Watu wakaanza kuwahi kazini kwa namna ya kutia huruma. Mimi pia niliwahi.

Miaka hiyohiyo Wasukuma walikuwa wanaendelea kuingia bonde la Rukwa na makundi ya ng'ombe, familia kwa familia kutoka Usukuma, kaskazini, wakijenga kuanzia pande za Mtowisa na kuendelea. Kwetu huku juu Ufipa ng'ombe ni wachache na wengi ni maksai wa kulima. Ng'ombe mia mbili wa mtu mmoja lilikuwa jambo la kwenda kutazama. Na la kulalamikia pia, maana kila ugonjwa uliotokea juu ulisemwa umepanda kutoka bondeni.

Katika hali hiyo akaja Daktari Joachim. Alikuwa kijana wa chuo kikuu anayetafuta shahada yake ya juu, mzaliwa wa milima ya kaskazini ambako ng'ombe hukaa bandani na kuletewa majani kama mgonjwa. Mama yake alikuwa amemwonya asigombane na mtu yeyote Sumbawanga asije akatupiwa radi ya kichawi, kwa hiyo wiki ya kwanza alimsalimia kila mtu mara mbili. Alikuja na mtungi wa naitrojeni wa kugandishia sampuli, uliotoa moshi wa baridi kila ukifunguliwa, na swali ambalo sikuwahi kulisikia.

Alinieleza nyuma ya kalenda, kwa penseli. Ng'ombe akiumia au akiingiliwa na mdudu, mahali pale panavimba, panapata joto, panauma. Uvimbe huo ni kazi inayofanywa na mwili wenyewe. Chembe nyeupe zinazopita kwenye damu haziendi pale kwa kubahatisha, zinaitwa. Seli zilizoumia zinatoa protini ndogo, inaitwa kemokini, na chembe nyeupe zinaifuata mpaka zifike penye shida. Maelekezo ya kutengeneza protini hiyo yamo kwenye jeni, ambayo ng'ombe huipata kwa baba na mama yake. Jeni ikiita kwa uvivu, mdudu anashinda. Ikiita kupita kiasi, chembe nyeupe zinajazana mpaka zinaharibu nyama ya mwenye mwili.

"Ni kama kupeleka habari ya msiba," nikamwambia. "Wasipoambiwa watu wa kutosha, nani atazika? Wakiambiwa wote, wanamaliza chakula cha wafiwa."

Alicheka, akaandika hayo pembeni ya kalenda. Alitaka kujua kama ng'ombe wa juu na ng'ombe wa bondeni wanatofautiana kwenye jeni hiyo, na kama ndiyo sababu ndigana huwaua wengine na kuwaacha wengine. Mimi nilikuwa na mkono wa sindano, yeye alikuwa na mtungi. Tukaanza.

Wiki mbili tulipita vijiji vya juu. Halafu tukashuka bondeni kwa Mzee Luhende, mfugaji wa Kisukuma aliyekubali tuchukue kwenye ng'ombe wake thelathini. Nilivua sweta la kwanza katikati ya mteremko na la pili tulipofika.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimia kwa Kisukuma changu chote.

"Mwangaluka, binti yangu. Karibuni. Kunyweni maziwa kwanza, ng'ombe hawakimbii."

Alikuwa mrefu, mpole, na alimjua kila ng'ombe na ukoo wake. Fahari yake ilikuwa dume moja jekundu, Ntemi, ambaye baba yake na babu yake walitembea njia yote kutoka Usukuma. Alituonyesha Ntemi kama mtu anavyokuonyesha mwanawe aliyefaulu. Kisha vijana wake walianza kuwaingiza ng'ombe kwenye njia ya mbao ya kuwabania, Joachim akaketi kivulini na mtungi wake, mimi nikashika sindano.

Sasa nisikilizeni vizuri. Chini ya sikio la kushoto la karibu kila ng'ombe kulikuwa na duara la kuungua, bichi, lenye gaga lililolowa. Nililiona. Wafugaji wale, tezi ikivimba, huichoma kwa chuma cha moto ili kuukata ugonjwa, na ndigana ikizidi kijijini huwachoma hata wazima kwa kinga. Wanamlaza ng'ombe kwa ubavu wa kulia, wanachoma tezi iliyobaki juu, na kwa kinga moja inatosha. Nilikuwa nimeziona alama hizo mnadani tangu naanza kazi, kiasi kwamba nilikuwa naziona kama ninavyoona pembe. Nikasogeza sindano upana wa kidole kando ya gaga ili nisimtoneshe ng'ombe, nikavuta tone. Thelathini wote, kushoto. Fomu ya Joachim ilitaka namba, jinsia, umri, rangi na jina la mfugaji. Nikaijaza kwa mwandiko mzuri. Joachim pale kivulini hakuziona alama, na angeziona angedhani ni upele.

Sampuli zikaenda nje ya nchi. Miezi ikapita, majibu yakaja kwa barua, na Joachim akaruka mpaka akagonga rafu. Majimaji ya tezi za ng'ombe wa bondeni yalikuwa na kemokini nyingi ajabu kuliko ya ng'ombe wa juu. Jeni yenyewe walikuwa bado hawajaisoma, walikuwa wamepima protini tu, lakini kijana alikuwa ameshaona shahada yake inashuka kutoka mbinguni.

Alieleza majibu hayo mbele ya mkuu wetu wa kazi, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa wajukuu zake hawana hatia. Mkuu alikuwa anasumbuliwa kila siku na malalamiko juu ya ng'ombe wa wahamiaji, na alisikiliza kwa namna ya mtu anayesubiri neno moja. Alipolipata akamkatiza.

"Kwa hiyo hawa wa bondeni wana mbegu mbaya."

"Si mbaya, mzee, ila inawezekana jeni yao inaita zaidi..."

"Inarithiwa?"

"Jeni zinarithiwa, ndiyo."

"Basi madume yao wahasiwe kabla hawajapanda huku juu na kuchafua. Tuanze na huyo Luhende. Alhamisi."

Joachim alisema jeni bado haijasomwa. Alilisema kwa sauti ndogo, kwa kuwa gari na mafuta yake yote vilitegemea sahihi ya mkuu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikimfikiria Mzee Luhende, lakini bado nilidhani ni bahati mbaya yake tu.

Jumanne nilikuwa naosha vioo. Nikamuuliza Joachim, kwa mazungumzo tu, hiyo protini inapandishwa na nini na nini.

"Chochote kinachoumiza, dada Felista. Mdudu, mwiba, jipu, kuungua. Mwili hauchagui, unaita tu."

Mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Nilimaliza kuosha, nikasubiri aende kula, nikatoa vioo nilivyopaka majimaji ya ng'ombe wa Luhende, ambavyo hakuna aliyekuwa amevitazama, nikaviweka kwenye hadubini. Chembe nyeupe zilijaa, za aina ile inayojaa kwenye usaha. Mdudu wa ndigana hakuwamo. Kioo cha pili, hakuna. Nilivipitia vyote mpaka jua likahama dirisha na sikuhamisha meza. Tulikuwa tumepima chuma cha moto. Ng'ombe wa juu hawachomwi, wa bondeni wanachomwa, na tofauti yote iliyompa Joachim furaha na mkuu amri ilitoka kwenye ncha ya chuma, upande uleule ambao mkono wangu ulizoea.

Sikusema Jumanne. Sikusema Jumatano. Nitawaambia kwa nini, bila kupamba: niliogopa. Orodha ya kupunguzwa ilikuwa inaandikwa, na mtu anayekwenda kwa mkuu wakati huo kusema amekosea kazi ya miezi anajiandika mwenyewe jina la kwanza. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Niliona aibu pia, na aibu ilikuwa mbaya kuliko hofu. Nilizunguka jengo la maabara mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nyumbani nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mume wangu aliniuliza nikamjibu vibaya, na hakustahili.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Joachim anajaza daftari, nikamwambia nikiwa bado mlangoni. Uso ulimbadilika taratibu.

"Uliziona hizo alama?"

"Niliziona."

"Kwa nini hukuandika?"

"Fomu haikuwa na mahali pake."

"Pembeni, dada. Fomu ina pembeni!"

Hakuwahi kunipandishia sauti kabla ya hapo. Kisha akajifunika uso kwa mikono, na nikajua anaililia shahada yake na ng'ombe wa watu kwa pamoja. Ili msibaki mkijiuliza: baadaye alirudia kazi yote kwa tezi za kulia, jeni ikasomwa, na baina ya ng'ombe wa juu na wa bondeni hakukuonekana tofauti. Alipata shahada yake, ila kwa kuchelewa sana na kwa mada nyingine.

Lakini asubuhi ile mkuu alikuwa ameshaondoka na timu ya kuhasi. Gari jingine halikuwapo. Tulikimbia barabarani tukapata lori lililokuwa linashuka tupu kwenda Mtowisa kuchukua mpunga, tukapanda nyuma. Mnaijua barabara ya kushuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa, na wakati ule ilikuwa mbaya kuliko mnavyoijua. Dereva alisimama kupoza breki. Akasimama kumsalimia shemeji yake. Akasimama kununua ndizi. Kila aliposimama nilisimama na mimi, nikigonga paa la mbele, mpaka akatoa kichwa akasema, "Mama, ukiendelea hivyo utashuka kwa miguu." Nilikaa. Nilipiga hesabu ya madume: saba. Nikajipa moyo kwamba wataanza na wadogo.

Walianza na mkubwa. Watu wa kuhasi wote huanza na mkubwa, wakati bado wana nguvu, na nilipaswa kulikumbuka hilo. Tulipoingia uani Ntemi alikuwa pembeni, amepanua miguu ya nyuma, ameinamisha kichwa, hataki kupiga hatua. Wa pili naye alikuwa ameshafanyiwa. Wa tatu alikuwa amefungwa kamba, na mtu ameshika lile koleo la kubanyia mishipa ya dume.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Acheni, ni kosa langu!"

Mkuu akageuka. "Felista, umefuata nini huku?"

Nikamweleza palepale, mbele ya timu, mbele ya Mzee Luhende na wake zake na majirani waliokuja kutazama. Chuma, tezi, kushoto, vioo visivyo na mdudu. Sikupanga maneno, yalitoka yakipandiana.

"Unajua orodha iko mezani kwangu?" akasema polepole.

"Najua."

"Na unasema haya mbele za watu?"

"Madume yako mbele za watu, mzee."

Mwenye koleo akaliteremsha chini bila kuambiwa. Mkuu akamgeukia Joachim, ambaye safari hii alisema kwa sauti ya kusikika kwamba ni kweli. Basi akaita timu yake wakapanda gari. Orodha ilipotoka jina langu halikuwamo. Sijui kwa nini.

Tukabaki sisi na mwenye mji. Mzee Luhende alimfungulia kamba yule dume wa tatu, akamwachia, kisha akaja akasimama mbele yangu.

"Binti, ile alama uliiona?"

"Niliiona, baba."

"Ulijua ni ya chuma?"

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa nimesimama hapa." Akaonyesha kwa fimbo, hatua mbili kutoka njia ya mbao. "Hapa hapa. Maziwa yangu ulikunywa. Watoto wangu ukawauliza majina. Habari ya ng'ombe wangu hukuniuliza."

Nililia, na sikujificha. Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, maana Kisukuma changu kiliishia kwenye salamu. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliagiza vigoda viwili, akakaa kwenye kimoja.

"Una karatasi?"

"Ninazo."

"Sasa niulize."

Nikamuuliza. Tulikwenda ng'ombe kwa ng'ombe, jua likituchoma, Joachim akishika karatasi zisipeperuke. Alinitajia mama wa kila mmoja, mwezi aliozaliwa, lini alichomwa na kwa nini. Dawa aliyonunua mjini ilikuwa maji. Josho lilikuwa kavu. Wiki ile ndama wawili walikuwa wamekufa kwa ndigana, na yeye, akiwa hana kitu kingine mkononi, alipasha chuma akawachoma wote waliobaki, wazima kwa wagonjwa, kama baba yake alivyofanya. Niliandika mbele, niliandika nyuma, niliandika pembeni.

Mzee Luhende alimwacha Ntemi wa mwisho. Tulipomfikia, mzee alimtazama pale alipokuwa amesimama na miguu yake imepanuka.

"Huyu nilimchoma Jumapili, ninyi mkaja na sindano Jumatano," akasema. "Hakuwa mgonjwa. Andika."

Nikaandika: hakuwa mgonjwa.

"Soma nisikie."

Nikamsomea.